257 ya Burundi Ina Ndugu wa Mabilioni!

Jamani, acha kila kitu ushike simu! Nimetoka Rumonge, Burundi, sasa hivi, vidole bado vinanicheza kwa kubonyeza kikokotoo, maana nimekutana na namba tamu, tamu kupita kiasi: 4,294,967,297. Ukiitazama hivihivi ni ndefu, ngumu, haina sura. Ngoja sasa uone inavyozaliwa!

Mzizi wake umetapakaa Rumonge nzima: +257, namba inayotangulia simu zote za Burundi. Iko kwenye bango la muuza mawese, iko kwenye kibanda cha ndagala, na watu wanaipita tu! Toa 1, inabaki 256. Zidisha 256 kwa yenyewe, halafu irudishe ile 1: 65,537. Rudia mchezo uleule, toa 1, zidisha kwa yenyewe, rudisha 1, na kioo kinajaa pomoni: 4,294,967,297! Huko nyuma nako ni hivyohivyo: 3 inazaa 5, 5 inazaa 17, 17 inazaa 257. Ukoo mmoja, damu moja!

Na bado! Zidisha 3 kwa 5 upate 15: mbili tu kufika 17. Zidisha 15 kwa 17 upate 255: mbili tu kufika 257. Zidisha 255 kwa 257 upate 65,535: mbili tu kufika 65,537! Hiyo nayo ukiizidisha kwa 65,537 unapata 4,294,967,295, mbili tena, mbili zilezile! Hapo nilipiga ukelele, wavuvi waliokuwa wakipanga nyavu wakageuka wote.

Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ukoo huu wote ni namba tasa, hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kweli kabisa kwa 3, 5, 17, 257 na 65,537. Lakini mwaka 1732 mwanahisabati Euler akalipasua hili jitu letu: ni 641 mara 6,700,417. Ligawanye mwenyewe kwa 641. Hakuna desimali hata moja, jibu linateleza safi, laini, zima! Nywele zilinisimama. Na tangu hapo hadi leo, baada ya 65,537, hakuna aliyepata namba tasa nyingine katika ukoo huu. Hakuna!

Na bado! Mwaka 1796 Gauss, mwanahisabati kijana asiyetimiza hata miaka 19, aligundua kwamba umbo la pande 17 zilizo sawa linachoreka kwa rula na bikari peke yake. La pande 257 nalo linachoreka! Hebu fikiria kijiti, kamba na mchanga ule mpana wa ufukweni, pande 257 zilizo sawasawa, jicho likiapa kuwa ni duara. Na 65,537 je? Imo ndani ya funguo za kidijitali zinazolinda mawasiliano ya intaneti, inachapa kazi usiku na mchana.

Wewe! Nchi zote duniani zina namba zinazotangulia simu zao, lakini iliyoangukiwa na namba tasa ya ukoo huu ni moja tu, Burundi! Basi andika 257, toa 1, uanze. Ukifika kwenye 641 nipigie, na ukipiga, unaanza na namba gani? Ileile!