Wanaosikia Kimya cha Mwanafunzi

Darasani, mwalimu huona kiti kitupu. Masomo ya mtandaoni hayana kiti. Mwanafunzi huyeyuka taratibu, na anapokuja kukumbukwa, keshaacha zamani.

Ndiyo maana nawapa kongole watu wa Open University, chuo cha Uingereza kilichoanzishwa mwaka 1969 kufundisha walio mbali. Huko Milton Keynes walibuni mfumo uitwao OU Analyse. Kila wiki hufuata nyayo za mwanafunzi: kafungua kurasa zipi, alama zake zikoje, kisha hubashiri kama kazi ijayo ataileta. Mkufunzi huwasha kompyuta akakuta rangi kama za taa za barabarani. Nyekundu si adhabu, ni ishara kwamba mtu huyu atafutwe.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Kompyuta haijui kwamba mtoto anaumwa au zamu za usiku zimeongezwa kazini. Mkufunzi akiuliza, ataambiwa.

Mwaka 2014 chuo kiliweka sera ya maadili ya kutumia taarifa hizo. Mwaka 2017 watafiti wake wakazitoa hadharani, bila majina, taarifa za wanafunzi 32,593 na rekodi zaidi ya milioni 10 za mibofyo yao, wengine wajifunzie. Wengi wetu hata siri ya pilau hatuitoi!

Na wamegundua jambo dogo lenye uzito: asiyeleta kazi ya kwanza, mara nyingi hafiki mwisho. Basi bora simu ilie kabla ya tarehe ya kuileta: “Vipi, umefikia wapi?”