Njia Ndiyo Huchagua Chombo: Bagi, Pikipiki na Jipu katika Milima ya Butembo na Beni

Bagi la kazi za shambani linavutia macho. Lina magurudumu manne yanayoweza kuvuta yote kwa pamoja, viti viwili au vitatu mbele, na sanduku la mizigo nyuma. Kawasaki walianza kuuza Mule mwaka 1988, John Deere wakaja na Gator, na leo Kubota, Yamaha na Polaris nao wana ya kwao. Basi si ajabu mwenyekiti wa ushirika wa kahawa, mganga mkuu wa zoni ya afya au mwenye shamba la kakao kule Kivu Kaskazini akajiuliza: kwa nini na sisi tusiagize?

Jibu linategemea njia za Butembo na Beni, miji miwili ya jimbo hilo, kuliko sifa za chombo chenyewe. Tena si lazima tulitafute kwa kubahatisha, kwa maana eneo hilo limewahi kupita katika mtihani mkali wa usafiri wa vijijini ambao matokeo yake yanajulikana.

Kazi tatu, vyombo tofauti

Tarehe 1 Agosti 2018 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola ulioanzia Mangina, kilomita 30 hivi magharibi ya Beni. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao wamefariki. Habari za kitabibu za kipindi kile tuwaachie wenyewe. Hapa tuangalie magurudumu tu. Kazi zilizolazimu watu kwenda vijijini zilikuwa za namna tatu, na kila moja ilikuwa na mzigo wake.

Ya kwanza ilikuwa kuwafuatilia waliokaribiana na mgonjwa. Kila mmoja alipaswa kuonwa kila siku kwa siku 21. Mfuatiliaji hubeba kipimajoto na daftari, basi, lakini nyumba zake zimetawanyika mlima huu na ule, na kesho anarudi kule kule. Mzigo ni mwepesi, vituo ni vingi, na safari haina mapumziko. Kazi hiyo ilifanywa kwa miguu na kwa pikipiki, au moto kama wenyeji wanavyosema.

Ya pili ilikuwa chanjo. Dawa ya rVSV-ZEBOV hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Nje ya mji ilihifadhiwa katika Arktek, chombo kizito chenye kuta zisizopitisha joto, kinachotunza baridi hiyo kwa siku kadhaa bila umeme. Pamoja nacho huenda timu nzima ya wachanjaji, meza, viti na makaratasi. Huo ni mzigo wa jipu. Lakini dawa ikishayeyuka huweza kukaa hadi siku 14 katika nyuzi 2 hadi 8, yaani katika kisanduku cha kawaida cha chanjo kinachoning'inizwa begani. Hapo jipu likifika mwisho wa barabara, pikipiki inaweza kulipokea. Chanjo ilianza tarehe 8 Agosti 2018, na mpaka mwisho watu zaidi ya 300,000 walikuwa wamechanjwa.

Ya tatu ilikuwa mazishi salama: timu, mavazi ya kinga, klorini, pampu ya kunyunyizia na mwili wa marehemu. Utaratibu wake unadai magari mawili, moja la timu na jingine la marehemu. Pikipiki haina nafasi hapo, inahitajika pikapu.

Fedha za kununua chombo chochote zilikuwapo. Hata hivyo uzito wa kazi uliangukia Land Cruiser na pikipiki ndogo. Tukipima njia tutaona sababu yake.

Upana wa njia

Mtu anayetaka bagi kwa kawaida hudhani kwamba litapita pale ambapo jipu linashindwa. Twende kwenye vipimo. Land Cruiser ya pikapu, ile HZJ79, ina upana wa mita 1.77. Kubota RTV-X900, bagi la dizeli linalosifiwa kwa kazi nzito, lina mita 1.6. Tofauti ni sentimita 17, chini ya shibiri moja. Panapopita bagi, basi, jipu nalo karibu linapita. Na panapolishinda jipu, mathalani kwenye kijia cha kati ya migomba au juu ya gogo lililolazwa mtoni, bagi nalo linashindwa. Yako mabagi membamba ya mita 1.27, lakini hata hayo yanadai njia ya magurudumu mawili sambamba. Pikipiki inadai unene wa tairi moja na nafasi ya usukani.

Kuna tatizo jingine ambalo halionekani kwenye picha za matangazo. Barabara za huduma ya kilimo, kama ile inayotoka Butembo kuelekea Manguredjipa, huchimbwa mifereji mirefu na matairi ya malori wakati wa mvua. Mifereji hiyo imeachana kwa kipimo cha lori. Bagi likiingia, gurudumu la upande mmoja hudumbukia mferejini na la upande wa pili hupanda tuta la katikati. Chombo hulala ubavu, na mzigo uliopangwa juu humalizia kazi ya kukipindua. Madaraja ya miti nayo hupangwa kwa kufuata nafasi ya magurudumu ya lori. Dereva wa pikipiki huchagua gogo moja akalifuata mpaka ng'ambo.

Nguvu na mlima

Butembo iko kwenye mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na ukielekea Lubero unazidi kupanda. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo chombo cha namna hiyo kinafika pale kikiwa kimekwisha kupunguzwa nguvu kabla ya kupakiwa.

Tuchukue mlima unaopanda mita 20 kwa kila mita 100. Pikipiki ya kilo 120, dereva wa kilo 70 na magunia mawili ya kilo 80 ni kilo 350 jumla. Kuupanda mlima huo kunahitaji mvuto wa kilo 69 hivi, mbali na ukinzani wa tope. Bagi la kilo 950, dereva yule yule na mzigo wa kilo 450 ni kilo 1,470. Mvuto wake ni kilo 288. Kwa kila kilo 100 za mzigo, pikipiki inatumia mvuto wa kilo 43 na bagi 64. Sehemu kubwa ya mafuta ya bagi inapandisha chuma cha bagi lenyewe.

Haki itendeke: mtengenezaji hakuiunda pikipiki ya sentimita za ujazo 125 au 150 ibebe magunia mawili ya kilo 80. Mzigo huo unalipiwa kwa cheni, beringi, spoku na shokapu. Kwa sababu hiyo mafundi huiandaa upya. Keria ya kiwandani huondolewa na kuchomelewa ya nondo. Spoketi ya nyuma nayo inaweza kubadilishwa: ukitoka meno 42 kwenda 48, huku ya mbele ikibaki na 14, gurudumu linapata asilimia 14 ya mvuto wa ziada. Mwendo wa juu unapungua, lakini katika njia zile nani anauhitaji? Wakati wa kuteremka, giya ya kwanza hufanya nusu ya kazi ya breki.

Mabagi mengi, kwa upande wake, hayana giya za meno za kubadilisha kwa mguu. Nguvu hupitia mkanda wa mpira kati ya puli mbili. Kwenye mwendo wa polepole, mlima mkali na mzigo mzito, mkanda huteleza, hupata moto na hatimaye hukatika. Maji yakiingia ndani ya kasha lake huteleza zaidi. Kubota wamekwepa mkanda kwa kutumia mafuta ya haidroliki, lakini mfumo huo nao unadai mafuta safi ya aina maalumu na chujio lake.

Vipuri viko wapi?

Hiki ndicho kipimo kinachoamua kesi. Tangu mji wa Kanyabayonga ulio njiani utekwe na waasi wa M23 mwezi Juni 2024, njia ya kawaida ya kwenda Goma imevurugika, na Butembo na Beni zinaitegemea zaidi Kasindi, kilomita 80 kutoka Beni, mpakani na Uganda. Kipuri kisichopatikana Kampala wala Mombasa, kwa maana ya vitendo, hakipatikani.

Hapo pikipiki ya Kihindi inashinda bila ubishi. Boxer ya Bajaj na TVS ndizo zinazobeba abiria Uganda nzima, na vipuri vyake vinavuka mpaka pamoja na bidhaa nyingine. Tairi la inchi 17 utalikuta hata kwenye kibanda cha kijijini. Petroli inauzwa kwenye chupa na makadhafi, yaani wauzaji wa mafuta wa kando ya barabara. Land Cruiser nayo ina hoja yake. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita, inasukuma dizeli kwa pampu ya kimekanika bila kompyuta. Fundi mwenye spana na sikio zuri anaweza kuisimamisha upya. Tairi lake la 7.50R16 ni la kawaida sokoni.

Bagi lina tairi pana la shinikizo dogo, la inchi 25 kwa kimo, ambalo duka la Butembo halina sababu ya kuliweka. Likipasuka, au mkanda ukikatika, chombo kinalala mpaka kifurushi kifike kutoka nje. Na katika wilaya ambako waasi wa ADF wamekuwa wakiua wanavijiji tangu 2014, kulala njiani na chombo kibovu ni hatari kwa maisha.

Kuna pia suala la kuonekana. Wakati wa Ebola, misafara ya majipu, mingine ikisindikizwa na askari, iliamsha manung'uniko na shaka. Vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Sababu za uhasama ule zilikuwa nyingi, lakini mhudumu anayefika kwa pikipiki kama ya jirani hatangazi fedha za mtu. Bagi lingegeuza vichwa vya soko zima.

Mahali pake

Bagi lina mahali pake: ndani ya shamba kubwa lenye njia zake lenyewe, karakana yake na ghala la vipuri. Kwenye kakao ya uwanda wa Beni, ambako mlima si mkali, linaweza kubeba matunda na miche siku nzima bila kutoka getini. Nje ya hapo, bei yake haitetewi. Bagi la dizeli la kampuni kubwa huzidi dola 10,000 huko Marekani, kabla ya meli na ushuru; pikipiki mpya haifiki dola 2,000. Pikipiki ya magurudumu matatu inafaa mjini na penye barabara tambarare. Mlimani huinuka mbele na hupinduka kwenye kona. Chukudu, skuta ya mbao ya kusukumwa isiyojua petroli ni nini, bado ni mfalme wa mteremko kwa mwenye nguvu za kuisukuma kurudi juu.

Kwa ushirika au kituo cha afya chenye bajeti ya bagi moja, ushauri wangu ni huu: nunueni pikipiki nne za aina ambayo fundi wa kijiji anaijua, na fedha zinazobaki ziwekeni kwenye cheni, matairi, klachi, kofia ngumu na mafunzo ya madereva. Siku ya mzigo mkubwa, kodini pikapu. Na kabla ya kusaini hati ya kuagiza chochote chenye magurudumu manne, tumeni mtu mwenye futi akapime daraja jembamba kuliko yote kwenye njia yenu.