Homa Haina Alama Hata Moja

Mtu mzima akibanwa na kifua, Uru, mlimani Kilimanjaro juu ya Moshi, kama kwingineko, mkono wa kwanza huenda kwenye paji la uso, na neno la kwanza ni malaria. Watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto kwa wakubwa, waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, Moshi, kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. Waliotajiwa malaria walikuwa 528. Kati ya wote 870, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14 tu. Homa inatuambia mtu anaumwa. Nani kati ya wanaoumwa yuko ukingoni, hilo haituambii, na ndilo swali ambalo mhudumu wa zahanati hana budi kulijibu anapoamua nani ateremshwe Moshi usiku huu huu.

Jibu bora nililoliona limo katika kipimo cha alama kiitwacho UVA, kilichochapishwa mwaka 2017. Waliokiunda walikusanya kumbukumbu za wagonjwa wazima 5,573 waliolazwa Gabon, Malawi, Sierra Leone, Tanzania, Uganda na Zambia, wakapima ni dalili zipi ziliandamana na kifo, kisha wakaipa kila moja uzito wake. Akili iliyovurugika ilipata alama 4, nyingi kuliko zote. Oksijeni iliyo chini ya asilimia 92, alama 2. Maambukizi ya VVU, 2. Kupumua mara 30 au zaidi kwa dakika, mapigo ya moyo 120 au zaidi, na namba ya juu ya presha kushuka chini ya 90, moja moja. Joto nalo limo, ila kinyume cha tunavyodhani: homa kali haina alama hata moja, mwili uliopoa chini ya nyuzi 36 una 2. Mgonjwa ambaye ndugu wanasema homa imemshuka, sasa amelala tu, mwacheni apumzike, huenda ana alama 6 tayari, na zaidi ya 4 ni hatari kubwa.

Linganisha na CURB-65, kipimo cha nimonia kilichotokana na wagonjwa wa Uingereza, New Zealand na Uholanzi. Hicho hutoa alama kwa umri wa miaka 65 na kuendelea, huhitaji maabara ipime urea, na oksijeni hakiulizi kabisa. Chukua mtu wa miaka 38 mwenye VVU, oksijeni 88, joto 35.5, anayepumua mara 28, presha nzuri, akili timamu, urea ya kawaida. CURB-65 inampa sifuri, yaani atibiwe nyumbani. UVA inampa 6.

Atakayepinga atasema UVA haikutengenezwa kwa ajili ya mapafu peke yake. Ni kweli, lakini saa ya kwanza zahanati hakuna ajuaye kama ni mapafu peke yake. Atasema pia kumbukumbu zile ni za 2009 hadi 2015, na dawa za VVU zimewafikia wengi tangu hapo. Hoja hiyo ina nguvu zaidi. Mtu anayemeza dawa zake vizuri pengine hastahili alama 2 nzima. Ziondoe basi: mgonjwa wetu anabaki na 4, na bado si wa kurudishwa nyumbani. Na mwinuko wa mlima? Mtu mzima mwenye afya Uru husoma juu ya 92, kwa hiyo mlima usisingiziwe hiyo 88.

Kinachoweza kudanganya ni kidole. Julai, vidole vikiwa baridi, au kucha zikiwa na hina nyeusi, kifaa cha kupimia oksijeni huweza kusoma ovyo. Mkono upashwe moto kwanza. Tena utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kwenye ngozi nyeusi kifaa hicho mara nyingi zaidi husoma juu kuliko hali halisi, hivyo 92 ya kwetu isimtulize mtu. Pumzi nazo zihesabiwe dakika nzima kwa kutazama saa.

Ndugu msomaji, ukimfikisha mgonjwa zahanati, usiishie kusema ana homa. Sema kama jana alikujua na leo hakujui, kama anashindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, kama mwili umepoa. Kisha omba apimwe oksijeni kabla hamjaondoka.