Babu Kwenye Ukurasa wa Walioondoka

Wiki mbili zilizopita nilipewa matoleo matatu ya jarida la shule ya bweni aliyosoma Babu: 1959, 1960 na 1961. Karatasi imegeuka rangi ya chai, pini zimeota kutu. Niliyafungua kama mtafiti wa ukoo, nikaishia kuyasoma kama mhakiki. Ndiyo maana nayaleta hapa.

Kwanza, tusiyachanganye na vitabu vya mwaka vya Wamarekani, ambamo kila mwanafunzi ana picha yake na jina lake chini. Majarida ya shule zetu za enzi ya mkoloni yalifuata mtindo wa Uingereza: ripoti ya mwalimu mkuu, matokeo ya mechi, insha za wanafunzi, picha ya timu, halafu mara nyingi orodha mbili zenye vichwa vya Kilatini, Salvete kwa waliojiunga na Valete kwa walioondoka. Ukimtafuta mtu wako, anza na hizo orodha. Zinachosha kusoma, lakini ndizo zinazokupa mwaka.

Na usitafute lile jina unalolijua wewe tu. Nilipoteza jioni nzima nikitafuta jina la ukoo tunalotumia leo. Kumbe Babu aliandikishwa kwa jina la ubatizo na la baba yake, tena limekosewa herufi! Hata Ngũgĩ wa Thiong'o, riwaya yake Weep Not, Child ilitoka 1964 kwa jina la James Ngugi. Anayemtafuta kwa jina moja ataikosa miaka yake yote ya mwanzo.

Kama maandishi, majarida haya ni ya vijana waliojua kwamba mwalimu atasoma. Insha zimenyooka mno. Kila safari ilifurahisha, kila mechi waliyofungwa ilikuwa funzo. Hakuna anayelala njaa, hakuna anayekumbuka nyumbani. Linganisha na In the House of the Interpreter, kumbukumbu za Ngũgĩ za 2012 kuhusu miaka yake Alliance. Mle tunamwona kijana akirudi likizo baada ya muhula wa kwanza, 1955, anakuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa. Katika haya matatu niliyo nayo, mambo ya namna hiyo hayana ukurasa. Basi nikajiambia: nitayasoma kwa ajili ya tarehe na majina, maisha nitayatafuta kwingine.

Lakini tarehe nazo zina makali yake.

Kwetu inajulikana kwamba Babu alimaliza kidato cha nne na kupata cheti cha Cambridge. Ilisomwa hivyo kwenye wasifu wake siku ya mazishi, na wasifu niliuandika mimi. Toleo la 1960 yumo kwenye picha ya timu ya mpira, wa tatu kutoka kushoto, pekupeku. La 1961 yumo kwenye Valete, kidato cha tatu. Hakuna sababu iliyotolewa. Jina tu, katikati ya mengine.

Orodha moja haitoshi kumhukumu mtu, kwa hiyo nikampelekea dada yake Babu, ambaye sote tunamwita Bibi. Hakushangaa. "Mwaka huo kahawa haikulipa," akasema. Ada ilitoka kwenye kahawa, na wachumaji walikuwa yeye na mama yao. Babu aliona haya kurudi bila cheti, na nyumbani wakakubaliana lisizungumzwe.

Kisha akafunua kurasa taratibu, akatazama picha moja moja. "Na mimi niko wapi humu, mjukuu wangu?"

Hayumo. Hakwenda shule hata siku moja. Kwangu huo ndio upungufu mkubwa wa hati hizi, kuliko majina yaliyokosewa: zinamhifadhi aliyelipiwa ada, zinamwacha aliyeitolea jasho. Yatafuteni majarida haya, myapige picha kabla mchwa hawajayamaliza. Mkimpata mtu wenu humo, ulizeni pia ni nani aliyebaki shambani wakati yeye anapigwa picha.

Wasifu wa Babu nitausahihisha. Bibi ameniruhusu, kwa sharti moja: nianze na kahawa.