Filamu Ipi Itangulie? Uhakiki wa Filamu Nne za Kenya

Makala haya yanakusudia kujibu swali jepesi kulitamka, zito kulijibu: mtu aliyetazama filamu kadha katika mwezi mmoja ateue iliyo bora kwa kigezo gani? Filamu tunazozihakiki ni nne, nazo tulizitazama hapa Eldoret, moja kila wiki: The First Grader (2010) ya Justin Chadwick, Nairobi Half Life (2012) ya David 'Tosh' Gitonga, Kati Kati (2016) ya Mbithi Masya na Supa Modo (2018) ya Likarion Wainaina. Chadwick ni Mwingereza. Watatu waliosalia ni Wakenya.

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma huvutia kwake. Kwa mtazamaji wa Eldoret, kishawishi cha kwanza ni kuiteua The First Grader, kwani kisa chake kimetoka papa hapa. Kimani Maruge, aliyewahi kupigana katika vita vya Mau Mau, alijiandikisha darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 84. Oliver Litondo anamwigiza kwa utulivu wenye uzito, na hamu ya mzee ya kujisomea mwenyewe barua ya serikali inaupa msuko taharuki ya kweli. Hata hivyo, shule ya mjini imegeuzwa kuwa shule ya nyikani, na wahusika wanasemezana zaidi kwa Kiingereza. Lililo zito zaidi ni pale hadithi inapokomea. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilimfikisha Maruge katika kambi ya waliohamishwa makwao, naye akafariki mwaka 2009. Filamu iliyotoka mwaka uliofuata inafikia kilele chake katika ushindi wa mzee huyo. Msanii ana uhuru wa kuteua, lakini mteuzi huulizwa pia alichokiacha.

Nairobi Half Life inawazidi wenzake kwa lugha: Sheng yake ni ya barabarani hasa. Mwas, kijana aliyekwenda mjini kutafuta uigizaji akaangukia ujambazi, anaishi maisha mawili nusunusu, na jukwaa ndilo linalomwezesha kuwasuta watazamaji wake. Kati Kati nayo ina fani ya kijasiri: Kaleche anajikuta miongoni mwa wafu, katika hoteli iliyo mbugani, na hakuna awezaye kuondoka kabla ya kuukabili ukweli wa maisha yake. Lakini ufupi wake unawaacha baadhi ya wahusika wakiwa vivuli tu.

Uteuzi wetu ni Supa Modo. Jo, mtoto mgonjwa asiye na tumaini la kupona, anapenda filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Mama anataka kumlinda ndani ya nyumba. Dada yake, Mwix, anataka aishi siku zilizobaki. Hatimaye kijiji kizima kinashirikiana kutengeneza filamu ambayo Jo ndiye shujaa wake. Yamkini msomaji atapinga kwamba mtoto mgonjwa ni njia rahisi ya kuyavuta machozi. Pingamizi hilo lina uzito, ila linajibiwa na mgogoro wa mama na Mwix: wote wawili wanampenda Jo, wote wawili wana haki, na filamu haimdhalilishi yeyote kati yao. Aidha, ugonjwa hauondolewi kwa miujiza.

Hoja yetu kuu ni hii. Katika The First Grader, jamii ni kizuizi au ni watazamaji wa ushujaa wa mtu mmoja. Katika Supa Modo, jamii ndiyo mtunzi. Wanakijiji waliozoea kuletewa mashujaa wa kigeni kwenye skrini wanashika kamera na kujitungia wao. Kwa mji kama wetu, ambao kisa chake mashuhuri kilisimuliwa na mgeni, kikapigwa picha kwingine, na kukatizwa kabla ya sura iliyo chungu, funzo hilo si dogo.

Kwa kuhitimisha, filamu bora si lazima iwe ile inayolitaja jina la kwetu. Ni ile inayomrudishia mtazamaji kazi ya kusimulia. Sura ya mwisho ya maisha ya Maruge ingali inamsubiri mtunzi wake.