Mwanya wa Elizabeth Garrett: Riwaya Iliyojificha Katika Kanuni

Mwandishi wa riwaya anayetaka kusimulia habari za wanawake wa kwanza kusomea udaktari Uingereza hukimbilia Edinburgh, tarehe 18 Novemba 1870. Siku hiyo Sophia Jex-Blake na wenzake walikuta umati umeziba lango la Surgeons' Hall. Wakarushiwa matope, na mtihani wa anatomia ukiendelea, kondoo akasukumwa ukumbini. Nani angeliacha tukio kama hilo? Lakini kwangu mimi, kisa kizito zaidi kilitokea London miaka mitano kabla, na kilipiganwa kwa karatasi.

Sheria ya mwaka 1858 ilianzisha sajili ya madaktari. Ili uingie, ulihitaji sifa iliyotolewa na chombo cha Uingereza. Shahada ya nje haikufaa, isipokuwa kwa aliyekuwa ameshatibu watu nchini humo kabla ya sheria hiyo. Kwa njia hiyo Elizabeth Blackwell, aliyehitimu Marekani mwaka 1849, aliandikishwa. Elizabeth Garrett, aliyetiwa hamasa na Blackwell huyo huyo, akakuta njia imezibwa nyuma ya mtangulizi wake. Katika hospitali ya Middlesex aliingia kama muuguzi, akajipenyeza kwenye mihadhara, hadi wanafunzi wa kiume walipoandika barua ya kutaka aondolewe. Vyuo vikuu navyo vikamkatalia.

Kilichobaki ni Society of Apothecaries, chama cha watengeneza dawa kilichokuwa na haki ya kutoa leseni ya utabibu. Kanuni zake hazikusema popote kwamba mtahiniwa lazima awe mwanamume. Zilidai uanagenzi chini ya mtabibu mwenye leseni, vyeti vya mihadhara na kufaulu mitihani. Garrett akavitimiza kimoja baada ya kingine, akilipia masomo ya faragha kwa walimu waliokubali kumfundisha peke yake. Chama kilipoanza kusitasita, baba yake, Newson Garrett, akatishia kukiburuza mahakamani. Septemba 1865 binti akapata leseni.

Huyo baba ndiye mhusika ambaye ningempa kurasa nyingi. Alikuwa mfanyabiashara wa Aldeburgh, na binti alipomweleza nia yake mara ya kwanza alichukizwa kabisa. Baadaye yeye ndiye aliyetoa fedha na kusimama mbele ya wakubwa. Mageuzi ya moyo wake yaonyeshwe hatua kwa hatua: mlango wa kwanza wa daktari bingwa waliobisha pamoja, jibu la dharau walilopewa, hasira ya mtu aliyezoea kusikilizwa sokoni. Hotuba ya ghafla kuhusu haki za wanawake ingemharibu.

Kosa la kiufundi lililo rahisi kufanywa hapa ni kufunga kitabu siku ya leseni, familia ikishangilia. Mara tu baada ya Garrett kupita, chama kilibadili kanuni: watahiniwa wawe wamesoma katika vyuo vya tiba vinavyotambuliwa, na vyuo hivyo vyote vilikuwa vya wanaume. Kwa zaidi ya miaka 10 wanawake kwenye sajili wakabaki wawili tu, hadi sheria ya 1876 iliporuhusu vyombo vya mitihani kuwapokea. Kwa hiyo sura ya leseni iwe fupi, na ifuatwe mara moja na ya kikao: wanaume waungwana mezani, wakirekebisha aya moja kwa sauti za upole, huku msomaji akijua wanamfungia nani.