Ngalawa Kongwe na Mkono wa Fundi

Wakati wa bamvua maji ya Chokocho, Pemba, huondoka mbali, na vyombo vinavyovusha watu kwenda Kisiwa Panza hubaki vimelala ubavu. Hizo ndizo saa za fundi. Maji hupwa kwa takriban saa 6 na kujaa kwa muda kama huo, hivyo kazi yote ya chini ya chombo lazima iishe kabla bahari haijarudi kuchukua chake.

Saa hizo humfaa mnunuzi pia. Anayetaka kununua ngalawa kongwe iliyosifika kwa mbio asianze na tanga wala rangi. Aanze na gogo. Mwembe ni mti mpana na laini kwa tezo, ndiyo maana ukapendwa, lakini huoza upesi na wadudu watoboao mbao baharini huupenda pia. Basi apite na ncha ya kisu chini ya tumbo lote, kutoka omo hadi tezi, akibonyeza. Kiraka kisimtishe. Kiraka kilichokaa sawa na mwili wa chombo ni ushahidi kwamba mwenyewe alikijali, nami ningekiamini chombo hicho kuliko kingine kilichopakwa rangi mpya wiki ya kuuzwa.

Ukishakuwa nacho, kazi kubwa ni kalafati, pale mbao za ubavuni zinapokutana na gogo. Fundi mzuri hutoa pamba kuukuu polepole, bila kuchubua kingo. Kisha husokota pamba mpya mpaka iwe uzi mnene, huichovya kwenye mafuta, na kuishindilia kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Hapo anasikiliza zaidi kuliko anavyotazama. Pamba ikiwa bado legevu mlio huwa mzito. Inapokaza, mlio hupanda na kuwa mkavu, naye husogea mbele. Akishindilia pungufu, maji yatapita. Akizidisha, mbao zitakapovimba majini zitasukumana na kulegeza misumari. Kipimo hicho hakiandikiki. Kimo mkononi mwake, na nimekaa kivulini kumtazama fundi akikipata mara kwa mara bila kusita, nikaona raha isiyoelezeka.

Baada ya hapo moto wa makuti hupitishwa chini ya chombo, karibu kiasi cha kuua wadudu, mbali kiasi cha kutounguza mbao. Tumbo hupakwa shahamu ya mafuta na chokaa. Juu ya mstari wa maji hupakwa sifa ya maini ya papa, yenye harufu ambayo mgeni huikimbia. Majahazi makubwa ya Ghuba nayo yalitunzwa hivyo: Alan Villiers, aliyesafiri na mabaharia wa Kuwait hadi Zanzibar mwaka 1938 na 1939, aliwaona wakipaka chini ya chombo mafuta ya mnyama na chokaa. Tumbo laini halishiki uchafu, na uchafu ndio mwizi wa kwanza wa mbio.

Mwizi wa pili ni kamba iliyolegea. Mirengu inayobeba ndubi hufungwa kwenye mwili kwa kamba, na wenye haraka hutaka kupigilia misumari. Wasifanye hivyo. Wimbi linapopiga ndubi moja na kuiacha nyingine, kifungo cha kamba hukubali kidogo kisha hurudi mahali pake. Msumari hupasua mti. Kamba za makumbi zikaguliwe kila mwezi, zikazwe zikiwa zimelowa, na ndubi zote mbili zitazamwe kwa nyuma kama zimeinama sawasawa. Ubao wa ndubi umelazwa kwa mshazari ili maji yaunyanyue chombo kinapokwenda kasi. Ukizama zaidi upande mmoja, ngalawa huvutwa upande huo, na nahodha hushindana na usukani wake mwenyewe safari nzima.

Tanga halina mengi: lisikunjwe likiwa na chumvi na unyevu, na tundu lishonwe siku hiyo hiyo. Kinachosahaulika ni mapumziko. Ngalawa ikiachwa juani wiki nyingi bila kufunikwa makuti, mbao hukauka na kuachana, na kalafati yote hulegea. Kabla ya kuishusha tena, mimina maji ya bahari ndani yake, iache ilale nayo usiku kucha, na asubuhi tazama kwa nje ni wapi panatoka jasho.